Makala ya Sukari

Nyinyi vijana munaobakia mu cave, nyumba ya matangi ya divai, kila asubuhi munaita "Rusangiza anawaka" ao "Rusangiza amezimika". Juzi, wakati nilikuwa nakusanya viatu vyangu vya kazi, mumoja wenu aliniuliza kama rusangiza ni neno la Kifaransa ao la Kimashi. Nikamujibu ni jina la mutu. Akacheka, akafikiri muzee anaanza kupotea. Ndiyo sababu naandika. Sikusoma sana, shule ya msingi yenyewe sikuimaliza, mutanivumilia. Lakini mambo haya niliyaona na macho yangu, na sehemu moja niliiona nikiwa nimelala ndani ya matope ya divai, karibu kufa.

Siku Rusangiza alikufa, walimupatia jina lingine: mulevi. Watu waliolisema wana majina, nami nitayataja. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo mutauliza wengine.

Usine yetu, kiwanda cha divai, munaijua, ndogo, chini karibu na ziwa, na zile cuve za saruji, matangi makubwa yanayopita nyumba kwa urefu. Niliingia wakati ilikuwa bado ya muzungu. Ndizi zilitoka Nyangezi na Kalehe, zimeiva mpaka nyuki zilikuwa zinafuata camion iliyozibeba hadi ku mulango. Kwenye chupa waliandika "vin de banane", divai ya ndizi. Mama yangu aliionja mara moja, akarudisha kikombe. "Hii ni kasiksi imevaa viatu," akasema, maana kasiksi ndiyo pombe ya ndizi ya kienyeji.

Siku ya kwanza nilifikiri watanipa fagio. Muzee Cirhuza, chef wa cave, mukubwa wetu, hakunipa kitu. Alishika mukono wangu, akauweka ku ukuta wa cuve ya tatu.

"Unasikia nini?"

"Iko moto, papa."

"Nani aliwasha moto?"

Nikaangalia chini. Hakukuwa kuni, hakukuwa hata jivu.

"Hakuna mutu, papa."

"Bamo. Bengi kupita batu bote ba Bukavu, na hakuna hata mumoja analipa kodi."

Alikuwa anasema juu ya levure, ile wengine wanaita chachu. Ni kitu chenye uhai, kidogo sana, jicho haliioni mpaka ikusanyike nyingi. Inakula sukari ya ndizi. Muzee alinifundisha kazi katika sehemu mbili. Mwanzo unakoroga maji ya ndizi kwa nguvu, hewa iingie. Levure ikipata hewa inashiba, inazaa. Kisha unafunika. Ikifunikwa inaanza kufanya pombe, na kutoa gazi.

Nilikuwa na ujinga wa kuuliza. "Papa, juu ya nini isifanye pombe wakati iko na hewa? Si iko inakula sukari ile ile?"

Muzee hakukasirika. "Baba yako anafanya kazi gani kule Nyangezi?"

"Anachomaka makala."

"Anafanyaka je?"

"Anapanga miti, anawasha, anafunika na udongo."

"Asipofunika?"

"Miti yote inaungua. Inabakia majivu."

"Na akifunika?"

"Inabakia makala."

"Makala iko na moto ndani ao haina?"

"Iko nayo, papa. Njo maana batu banaihitaji."

"Basi umeisha jibu. Pombe ni makala ya sukari. Ukifungia levure hewa, inakula moto kidogo tu, ule mukubwa inatuachia sisi. Mulevi anakunywa masazo ya levure. Hilo usimwambie muzungu, atapandisha bei."

Kwa hiyo mukiona pombe kali inawaka mukiitupa juu ya moto, musishangae. Ni nguvu ya ndizi ambayo levure ilishindwa kuimeza.

Nilijua kazi kwa makosa ya wengine. Wakati Muzee alienda kuzika mukwe wake, mwenzetu mumoja aliendelea kukoroga cuve nzima, akifikiri anasaidia. Muzee aliporudi tulifungua. Chini levure imejaa nene kama uji, juu maji makali bila roho. Muzee alionja, akatema. "Umelisha batoto mpaka bakanona," akamwambia, "lakini kazi hakuna mwenye aliifanya." Mwingine alisahau kumwagia maji ya ziwa magunia tuliyovalisha cuve ili zipoe. Joto lilipanda, levure ikafa yote, divai ikabaki tamu kama dawa ya watoto. Joto la cuve linatoka kwa levure yenyewe. Inajitengenezea homa.

Sasa gazi. Haionekani. Iko nzito kuliko hewa, inalala chini ya cuve kama maji. Ukitoa divai yote, yenyewe inabakia, na mutu anapaswa kushuka na burosi kusafisha. Kila asubuhi Muzee aliwasha mushumaa ndani ya mukebe wa maziwa, akaushusha na kamba polepole. Mushumaa ukizimika, hakuna kushuka. Tunafungua mulango mudogo wa chini, gazi inatoka, tunapunga na majani ya ndizi, tunashusha tena. Leo nasikia kuna mashini za kupima hiyo. Sijaiona hata moja.

Mutuone sasa kama vile mutu wa inje angetuona: Muzee mbele, ameinamisha kichwa, mushumaa mukononi, sisi nyuma, kimya, kofia tumezivua, juu kofia zilikuwa zinaanguka ndani ya cuve na Muzee hakupenda divai yenye ladha ya nywele. Tulikuwa tunaita ile kazi "misa". Muzee tulimwita padri. "Padri, misa iko saa ngapi?" Kila siku mzaha ule ule, na kila siku tunacheka.

Rusangiza alikuwa mwenzangu wa ngazi. Mumoja anashuka, mwingine anabakia juu ameshika kamba. Alikuwa Muprotestanti wa kweli, wa thermos ya chai. Alitumika mu cave ya divai na kinywa chake hakikugusa hata tone. Kuonja aliniachia mimi. "Nyinyi Bakatoliki," alikuwa anasema akijimiminia chai, "mukimaliza misa yenu muniite, nishuke." Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mushumaa.

Kisha ikaja zaïrianisation, serikali ikanyang'anya wageni mali yao na kuipa wenyeji. Muzungu alipanda ndege, usine ikapewa Citoyen Mugaruka (Citoyen ni mwananchi, vile tulipaswa kuitana), mutu aliyekuwa anauza vitambaa. Alikuja na abacost mupya, lile koti bila tai la watu wa serikali, na mafuta ya kunukia, akapita kila mahali akigusa vitu na kidole. Alitukuta kwenye cuve ya tatu, kofia chini, mushumaa unashuka.

"Hii ni nini?"

Mutu mumoja nyuma yangu akajibu, "Ni misa, Citoyen Direkta."

"Misa?"

Muzee alikuwa na tabia ya kuchekesha bila yeye kucheka. "Ndiyo, Citoyen. Bila misa hatushukake."

"Na kofia munavua?"

"Mbele ya kifo, Citoyen, tunavua."

Mugaruka hakucheka. Kesho yake alitukusanya bote mu uwanja. Alisema wakati wa bapadri umekwisha, alisema sisi ni Wazaïrois halisi, hatuwezi kuomba ruhusa ya muzungu wa Roma ili tusafishe tangi. Kuanzia siku hiyo misa ndani ya usine ni marufuku, na mishumaa yote ipelekwe kwake. Tukapiga makofi, juu wakati ule ukiacha kupiga makofi walikuwa wanakuangalia.

Wengine wanasema Mugaruka hakujua. Alijua. Muzee alivaa shati safi, akaenda ofisini kwake, mimi nikabaki ku mulango. Alimwelezea gazi yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Direkta alisikiliza vizuri, hata aliuliza.

"Hiyo gazi inaonekana?"

"Haionekani, Citoyen."

"Inanuka?"

"Inachoma pua. Ukiisikia umechelewa."

Akageuza kalamu mukononi. "Muzee, nimekusikia. Lakini nilisha sema mbele ya batu. Nikirudisha mishumaa, batasema Direkta anapiga magoti kwa bapadri."

"Basi tubadilishe jina, Citoyen. Hata ukitaka tuiite sigara."

"Nilisha sema."

Hayo ndiyo maneno. Kesho yake Muzee alipelekwa kuosha chupa, upande mwingine wa usine.

Siku ya sikukuu ya Parti, chama cha serikali, ilipokaribia, Mugaruka aliahidi wakubwa divai nyingi. Cuve ya tatu ilitolewa divai asubuhi, naye alitaka ijazwe siku ile ile. Mbele ya mulango wa chini alikuwa amepangisha makreti ya sikukuu mpaka juu, kwa hiyo kuufungua haikuwezekana. Alikuja mwenyewe kutusimamia.

"Mushuke, musafishe."

"Citoyen, tungoje kidogo," nikasema.

"Mungoje nini? Padri?"

Hakuna aliyecheka. Akanisogelea, akaniangalia vile wanaangalia mutu kabla ya kumupeleka kulala gereza. Rusangiza akachukua burosi.

"Muache huyu, Citoyen, ni Mukatoliki," akasema. "Mimi ni Muprotestanti, nashuka bila padri."

Direkta akacheka. Ule mzaha ulikuwa wa kuniokoa mimi, na uliniokoa. Rusangiza alimaliza chai yake, akaweka thermos chini, akafunga kifuniko, akashuka.

Karibu na chini, miguu yake ilianza kutafuta ngazi mahali ngazi haiko. Aliyumba huku, akayumba huku, akaanguka ndani ya matope ya divai, uso mbele. Hakuita. Nilishuka nyuma yake. Sikufikiri, ningefikiri nisingeshuka. Nilivuta pumuzi mara moja, ikanichoma puani kama limonade kali, na magoti yangu yakaenda mahali pengine. Nakumbuka ukuta ulikuwa moto bado. Kisha sikumbuki tena.

Wengine walinihadithia. Muzee alisikia kelele, akaacha chupa, akakimbia na miguu yake mibovu. Aliangusha yale makreti yote, chupa zikapasuka, Mugaruka akilia "Divai yangu! Divai yangu!" Akafungua mulango wa chini, gazi ikatoka, akatuvuta kwa miguu. Mimi ndiye nilikuwa karibu na mulango. Rusangiza alikuwa nyuma yangu, alitolewa amekwisha kufa.

Infirmier wa usine, muuguzi wetu Citoyen Kasole, alifika. Aliinama, akanusa nguo za marehemu, nguo zilizoloana divai mpaka ndani. Akauliza wale walioona, "Alikuwa anayumba?" Wakasema ukweli, kwamba alikuwa anayumba. "Basi," akasema Kasole, "alikuwa mulevi." Mugaruka alikuwa amesimama kando yake, akatikisa kichwa kama mutu mwenye huzuni. Mimi nilikuwa natapika hatua chache kutoka pale. Nami niliyumba, nami nilinuka divai, na Kasole aliijua vizuri hiyo. Hakuniangalia. Angeniangalia angepata shida.

Neno lilifika kanisani kabla ya maiti. Kwao mulevi haimbiwi. Walimuzika bila wimbo, mujane amesimama na mutoto wake wa kike mugongoni, na wakristo wamefunga midomo. Mimi nilikuwa ningali mu kitanda.

Tangu ile siku mukono wangu wa kushoto unatetemeka, na majina ya vitu yananikimbia. Nasema "kile cha kufungulia" juu ya ufunguo. Majina ya Mugaruka na Kasole hayajawahi kunikimbia.

Baada ya mazishi, watu walikataa kushuka. Muzee alitoka kwenye chupa zake bila kuitwa na mutu, mushumaa wa nyumbani kwake mu mufuko. Mutu mumoja akasema kwa sauti ya chini, "Padri, misa."

"Misa ni marufuku," Muzee akajibu. "Tumuulize Rusangiza."

Akashusha mukebe. Kutoka hapo ikabaki hivyo, mushumaa wenyewe ukaitwa Rusangiza. Mugaruka alitusikia tukiita lile jina, akageuka, akaenda. Kumbe hakuna mukutano wa kukataza jina la mutu wewe mwenyewe umemuua.

Kisha Mugaruka alikula usine kidogo kidogo, mashini ya chupa, camion, hata magunia ya cuve, mpaka akaondolewa. Muzee alikufa mu kitanda chake. Mukebe ukabaki kwangu, na miaka ikapita kama mulivyoona.

Mwaka huu wangu wa mwisho kazini, mama mumoja kijana alikuja kuomba levure kidogo mu chupa. Anafundisha biolojia mu shule ya sekondari, alitaka kuwaonyesha wanafunzi. Sikuhitaji jina lake, paji la uso lilikuwa la Rusangiza. Lakini alilisema: Esther, binti ya Rusangiza.

Nilimujazia chupa. Kwa kuwa sikujua nianzie wapi, nilimuuliza atawafundisha nini.

"Vile selule inachukua nguvu mu glucose, tonton." Aliniita tonton, mujomba, kwa heshima. Aliona uso wangu, akarudia polepole. "Selule ni vyumba vidogo-vidogo vinavyojenga mwili. Levure ni chumba kimoja tu. Glucose ni sukari. Bila hewa, levure inapata mu glucose moja vipande viwili vya nguvu. Viwili tu. Na hewa, selule inaweza kupata makumi tatu na zaidi. Vitabu havisikilizani vizuri juu ya hesabu."

"Na hewa inachukua yote?"

"Hata na hewa haichukui yote. Zaidi ya nusu inapotea, inakuwa joto."

Nikakumbuka mukono wangu ku ukuta, siku ya kwanza. Nikamuhadithia makala ya sukari. Alicheka sana, akasema atawapa wanafunzi hiyo. Kisha akasema kitu kingine kilichonifurahisha: levure ikikuta sukari nyingi kupita kiasi, hata kama hewa iko, inaacha kula vizuri, inaharibu tu haraka-haraka. Nikasema namujua mutu wa namna hiyo, alikuwa anavaa abacost.

"Na mutu wa kawaida?" nikauliza.

"Mutu ni vile vile. Musuli unaweza kuishi na viwili-viwili kwa muda. Njo maana ukipanda mulima wa Kadutu mbio, miguu inaungua. Lakini ubongo haukubali viwili. Unataka vyote, kila wakati. Hewa ikikosa, unazimika kabla miguu ijue. Na gazi ya cuve, ikijaa mu damu, inalevya yenyewe."

"Mutu anayumba?"

"Anayumba."

"Kama mulevi?"

Hapo aliinua macho. Aliweka chupa ya levure chini. "Kama mulevi, tonton."

Kisha akasema, "Mama alikufa akisema, labda siku ile moja alionja."

"Hakuonja. Nilikuwa juu ya ngazi. Alikunywa chai, akafunga kifuniko, akashuka."

Nikamuhadithia yote, na majina, kama vile nawaandikia nyinyi. Hakulia. Alitaka kuona cuve ya tatu. Tulipofika, mumoja wenu aliinua mukebe, akapiga kelele, "Rusangiza amezimika! Musishuke!"

Esther akasimama kama mutu aliyeitwa. Nikamweleza lile neno lilitoka wapi. Nilifikiri atashukuru. Akasema, "Papa alizimika mara moja, tonton. Nyinyi munamuzima kila siku?"

Tulifungua mulango wa chini, tukapunga. Kisha aliomba kamba. Aliwasha mushumaa mwenyewe, akashusha mukebe polepole, akainamisha kichwa kama Muzee. Moto ulilala, ukawa mudogo, ukasimama tena.

"Anawaka," akasema. Akamugeukia mutu wa burosi. "Sasa shuka."

Mutu alishuka, akasafisha akipiga muluzi, akapanda. Esther hakuachilia ile kamba mpaka alipomuona ametoka.

Siku ya Mungu, Jumapili iliyofuata, alinipeleka kanisani kwao, mbele ya wazee wa kanisa. Nilisema niliyoyaona: mushumaa, makreti, Mugaruka, Kasole. Kasole alikuwepo, mu benchi ya pili, nywele nyeupe. Nilimuonyesha na ule mukono unaotetemeka. Hakukana. Alisema tu kwamba nguo zilikuwa zinanuka. Muchungaji akaomba watu wasimame, waimbe wimbo ule waliomunyima marehemu. Wakaimba wote. Kasole aliimba pia, sauti ya pili. Ana sauti nzuri.

Ndiyo hiyo. Kesho mukishusha mukebe, muite lile jina vile mumezoea, lakini mujue ni la nani. Thermos yake iko mu kabati ya cave, mulango wa kuume, kifuniko chake kingali kinafunga. Esther aliiacha pale, akasema ni yenu. Muichukue mukitaka. Musiweke divai ndani.